Mchanga wa Kibuyu cha Sikitu

Atakaye hadithi na ajaze maji kinywani asije akanikatiza, maana nchi nitakayoisema ina mambo ya kumfanya mtu adakie kabla ya wakati. Habari zake alizileta mchuuzi wa chumvi aitwaye Makame, aliyekaa huko msimu mzima. Njia aliyopita hakuieleza, nasi hatukumuuliza, aliyefika amefika. Nchi yenyewe huitwa Mng'arani. Haina shaba wala chuma, na watu wake hawajui hata majina ya vitu hivyo. Walichonacho ni mawe, mto, mchanga na wivu.

Watu wa Mng'arani ni mafundi wa mawe magumu. Mawe laini, yale ya kukwanguka kwa ukucha, huwaachia watoto wachezee. Wao huyataka yale ambayo ukiligonga moja kwa jenzake hutoa cheche na harufu ya moto. Humo hutoa bangili, mabakuli, vichwa vya rungu, na mashoka yasiyopata kukata mti hata mmoja. Na kama umedhani kazi hiyo ni ya nguvu, umekosea. Kwanza jiwe hugongwagongwa kwa jiwe la duara, kidogo kidogo, mpaka lipate umbo. Pakitakiwa kukatwa, huchukuliwa uzi wa katani, ukaloweshwa, ukapakwa mchanga, ukavutwa huku na huku. Pakitakiwa kutobolewa, mwanzi husimamishwa juu ya mchanga uliolowa na kusokotwa kwa viganja mpaka viganja viote sugu. Mgeni akitazama atasema uzi umekata jiwe. Uzi haukati kitu. Mchanga ndio ukatao, na uzi huubeba tu, kama punda abebavyo mzigo usio wake. Na huo mchanga ni nini, kama si jiwe lililosagwa? Kwa hiyo wao husema kuwa jiwe halishindwi ila na jiwe.

Sasa sikilizeni sheria yao. Zamani kazi ilipokwisha ilipelekwa mbele ya waamuzi, nao huitazama wakasema ni nzuri au si nzuri. Waamuzi wakagombana. Mmoja alipenda jiwe jeusi, mwingine la kijani, wa tatu alimpenda fundi mwenyewe. Ndipo akatokea mwenye busara mmoja akatoa shauri: "Msilitazame jiwe. Mtazameni fundi mwingine anapolitazama. Mwenye kazi yake hadanganyiki. Akiona kilichomzidi moyo utamuuma, na moyo ukiuma uso husema." Watu wakapiga vigelegele. Tangu hapo uzuri wa jiwe, kule Mng'arani, haumo ndani ya jiwe. Umo katika uso wa jirani.

Wakateuliwa Wasoma-Nyuso, watu waheshimiwa wenye fimbo ndefu na macho makali, nao wakapanga vyeo. Jicho la fundi likicheza kidogo, hiyo ni gere. Likienda pembeni na kurudi, ni kijicho. Akimeza mate, ni wivu. Akilia machozi, hiyo ndiyo ngoa, cheo cha juu kabisa, na hapakuwa na aliye hai aliyekumbuka kukiona. Juu ya kukohoa palikuwa na mabishano makali. Kundi moja la wasomaji lilishikilia kuwa kikohozi ni wivu uliokosa njia, na jingine likashikilia kuwa kikohozi ni kikohozi. Makame alipofika walikuwa hawajaafikiana, na mafundi wenye pumu walikuwa wamezuiwa kuhudhuria mpaka shauri liishe.

Jiwe lisilomgusa hata mmoja liliitwa bubu, kwa kuwa halikuzisemesha nyuso. Bubu husagwa likawa mchanga, na mchanga ukagawiwa mafundi wale wale waliolitazama pasipo kutikisika. Nadhani mmekwisha kuona mambo yalikoelekea. Mafundi walijifunza kukausha nyuso. Mama wa Mng'arani humpa mtoto mmoja asali na kumnyima mwenzake, kisha humchapa atakayenuna. Ndiyo maana nchi ile ilikuwa na mchanga mzuri kuliko nchi zote, na mawe machache.

Katika mafundi wa mtoni alikuwapo mwanamke aitwaye Mize, ambaye uso wake ulikuwa mkavu kuliko wote. Wenzake walimtania kuwa nzi akitua juu yake huteleza. Siri yake aliijua peke yake: kila aliposimamishwa mbele ya kazi ya mtu, alifikiria uji uliopoa, wenye utando juu. Aliutazama ule utando moyoni mwake, ukatulia, na uso wake ukatulia nao. Mawe mazuri mengi yalikuwa yamesagwa mbele ya utando huo.

Chini ya utando, jamani, uji ulikuwa ukichemka. Mize alimwonea wivu mtu mmoja tu, na alimwonea usiku na mchana, akila, akifua, akigonga jiwe. Mtu huyo alikuwa Sikitu, shoga yake wa tangu utotoni.

Walifundishwa kazi pamoja na marehemu Bi Mosi, bibi kizee aliyekuwa amekalia Kiti cha Mwamba tangu kabla ya wote walio hai leo kuzaliwa. Kiti hicho ndicho kila fundi alichokitamani, kwa kuwa mwenye kukikalia huchagua mawe ya mlimani kabla ya wengine, na kazi yake haisagwi tena mpaka afe. Hupewa yule tu ambaye jiwe lake limemtoa mwenzake ngoa. Tangu Bi Mosi afariki kilikaa kitupu, kinaota ukungu. Mize alikitaka kwa roho yake yote. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kukakamaa asubuhi, na shoka la jiwe jeusi alilokuwa akilichonga alijua ndilo la mwisho. Likiwa bubu, hatakuwa na mikono ya kuchonga jingine, na jina lake litakwenda na maji.

Sikitu hakuwa na haraka ya Kiti wala ya kitu. Jina lake lilimkaa. Ukimwaga mchanga wake, alisema "si kitu." Ukivunja mwanzi wake, "si kitu." Mize alimwonea wivu mikono yake, na ukimya wake, na hata namna alivyomimina maji, kijito chembamba kisichokatika. Jambo moja tu lilimliwaza. Sikitu alikuwa binadamu. Walipokuwa wasichana, Bi Mosi alimpa Mize jiwe zuri la kugongea mbele ya wote. Uso wa Sikitu ulibaki vile vile, lakini mara kwikwi ikamshika, kwik, kwik, mpaka jua likatua. Ikawa hivyo kila alipoona gere ya kweli. Wasoma-Nyuso hawakupata kulijua hilo, kwani wao walisoma macho na koo. Mize alilijua, akalihifadhi moyoni kama mtu ahifadhivyo kisu.

Ila kwikwi ile haikusikika miaka mingi. Hapakuwa na cha kumtia Sikitu gere, na Mize aliielewa maana yake vizuri sana.

Mchuuzi Makame alipofika alipangishiwa chumba kwa Mize. Siku moja akamfuata mtoni akamkuta Sikitu amepakata kitu mapajani, anakisugua kwa jani la msasa. Kilikuwa kibuyu kidogo cha jiwe, la rangi ya kahawia lenye chembe nyekundu. Jiwe la aina ile mafundi walikuwa wamelikimbia tangu enzi za mababu. Lilikula mianzi, likala uzi, likala mikono. Sikitu alilitoboa shingo nyembamba, kisha kwa kijiwe kilichofungwa kwenye kijiti kilichopinda akalipanua tumbo kwa ndani, pasipo kuona afanyacho, akiongozwa na sauti ya mkwaruzo tu. Ukikiinua juani, mwanga ulipita ubavuni mwake kama upitavyo kwenye sikio la mtoto.

"Lo!" akasema Makame. "Kizuri hiki, wallahi!"

Mafundi wote wakainamisha vichwa kama waliosikia tusi. Mize akamshika mkono akamvuta kando.

"Baba, huku hatusemi hivyo."

"Nimekosa nini? Nimesema kizuri."

"Wewe si fundi. Unajuaje kuwa kizuri kabla hakijamuuma mtu?"

"Kinaonekana kwa macho, Bi Mize. Wewe hukioni?"

Mize alikiona. Alikuwa amekiona tangu kilipokuwa bonge. Alikuwa akiamka anatamani kusikia kimepasuka. Mara mbili alikwenda kuazima mchanga asiouhitaji, ili tu akitazame, akarudi nyumbani akiwa na hasira kama mkuki moyoni, akaligonga shoka lake kwa pupa mpaka akalimegua ncha. Lakini kwa mgeni alisema, "Mimi naona jiwe," akamrudisha nyumbani.

Makame hakutulia. Alikwenda mpaka kwa Msoma-Nyuso Mkuu, Mheshimiwa Pandu, akamkuta barazani kwake anajisoma uso katika bakuli la maji.

"Mheshimiwa, kwetu tuna msemo: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Msemo mzuri," akajibu Pandu kwa upole. "Na hicho kizuri, kikijiuza, hununuliwa na nani?"

"Na mtu aliyekipenda."

"Aliyekipenda! Mapenzi, mgeni wangu, ni kitu cha kudanganya. Mama humpenda mwanawe mwenye kengeza. Lakini wivu haudanganyi. Umewahi kumwona mtu akikionea wivu kitu kibaya?"

Makame akajaribu njia nyingine.

"Na mtu akijiliza makusudi?" akauliza.

Pandu akacheka mpaka fimbo ikamponyoka. "Sheria ipo. Anayeghushi uso hufukuzwa mtoni, asiguse jiwe wala mchanga maisha yake yote, na jiwe alilolilia husagwa. Lakini sheria hiyo haijawahi kutumika. Nani aghushi wivu, ampandishe jirani yake juu kwa mikono yake mwenyewe? Kuficha, ndiyo, hilo hufanyika, hatukatai. Kughushi? Tungekuwa na watu wa namna hiyo tusingehitaji sheria."

Siku ya kibuyu ikawadia. Kiliwekwa juu ya gogo uwanjani, na mafundi wakapangwa mbele yake, Mize katikati. Wasoma-Nyuso wakapita polepole, pua kwa pua, karibu wanusane. 

Mize akafikiria uji. Akafikiria utando. Lakini jua lilitoka winguni likapiga kibuyu, na zile chembe nyekundu zikawaka moja moja ndani ya jiwe. Wivu ukampanda kooni kama tonge lililokwama. Mate yakajaa mdomoni. Angeyameza tu, kwa siri ya koo, kibuyu kingepona. Kingepata cheo cha wivu, kingewekwa kwenye nyumba ya mawe, na wajukuu wangeonyeshwa. Alijua. Alijua pia kuwa angemeza, Sikitu angebakiwa na hatua moja tu kukifikia Kiti, na shoka lake lingekuja baada ya kibuyu kile, nani angelitazama tena?

Hakumeza. Mate yakamjaa mpaka yakatoka kidogo pembeni ya mdomo, naye akayaacha yakauke.

Pandu akainua fimbo. "Bubu."

"Bubu gani!" Makame akapaza sauti. "Mimi nimemeza mate! Nimemeza mara tatu! Mnisome mimi!"

"Mgeni hana uso," akasema Pandu, si kwa ukali, na wasomaji wakaitikia kwa kichwa, maana ndivyo sheria ilivyo.

Kwa desturi yao pigo la kwanza ni la mwenye kazi. Sikitu akapewa jiwe la kugongea. Akakiangalia kibuyu, akapitisha kidole gumba shingoni mwake mara moja, akapiga. Kile kilichoitwa bubu kikalia. Kililia sauti nyembamba, ndefu, ikavuka mto ikarudi, na ndege wakaruka upande wa pili. Watu walingoja mpaka sauti ikaisha. Kisha wakaendelea kupiga.

"Si kitu," akasema Sikitu. Safari hii hakumtazama mtu.

Wahenga walisema ukiona mwenzio ananyolewa, zako tia maji. Lakini Mng'arani ukiona mwenzio ananyolewa hukinga chombo. Mafundi wakapanga foleni na vifuu vyao. Mize alipata fungu kubwa kuliko wote, kwa kuwa ndiye aliyesimama katikati na hakutikisika. Mchanga wenyewe ulikuwa mwekundu, mkali, ukiusugua kwa vidole unauma kama upupu. Akaupeleka nyumbani chini ya kanga, akiwa ameukumbatia.

Tangu mwanzo shida ya shoka lake ilikuwa ni mng'ao. Umbo alikuwa nalo. Makali alikuwa nayo, membamba kama jani. Lakini jiwe jeusi lile lilikataa kung'aa. Mchanga wa mtoni ulilikwaruza likawa kama ngozi ya mtu asiyejipaka mafuta. Sasa akachukua mchanga wa kibuyu, akautia maji, akaanza kusugua. Alisugua mpaka bega likalia. Jiwe likabaki na ukungu.

Kivuli kikaanguka juu ya kazi yake. Alikuwa Sikitu, amesimama mlangoni na kijungu mkononi.

"Hodi, shoga. Unauharibu. Mchanga huu hautaki maji."

Mize akahisi damu inampanda usoni, akaufikiria haraka ule uji. "Unataka nini, basi, mchanga huu?"

"Mafuta. Mafuta ya kondoo, kidogo. Uuponde tena mpaka uwe unga, utie kwenye kipande cha ngozi, kisha usikandamize. Ukikandamiza unakasirika. Utembeze tu, kama unamlaza mtoto." Akaketi, akaivuta ngozi, akaonyesha. "Nilihangaika nao huu wakati wa kulisugua tumbo la kibuyu. Umeona?"

Mize aliona. Pale alipopita Sikitu palifunguka doa jeusi, lenye kina kama kisima, na ndani ya doa hilo palikuwa na jicho. Lilikuwa jicho lake mwenyewe. Alishtuka akalifunika kwa kiganja.

"Kwa nini unanifundisha?"

"Kwani ningeuacha upotee bure?"

"Mimi nilisimama mbele ya kibuyu chako, Sikitu."

"Nilikuona."

"Sikumeza mate."

"Nilikuona, Mize. Yalikutoka pembeni." Sikitu akainuka, akajipangusa mikono. "Mafuta nimekuachia kwenye kijungu. Si kitu."

Sikitu alipoondoka, Mize akakiinua kile kijungu ili akibamize ukutani. Alimchukia wakati ule kuliko siku zote. Angetukanwa angeweza kuvumilia, angelaaniwa angelala usingizi, lakini kufundishwa! Akakishusha kijungu, akachovya ngozi, akaanza kutembeza.

Aliifanya kazi hiyo mpaka mvua za vuli zikaja zikaisha. Doa likawa ubavu, ubavu ukawa shoka zima. Vidole vyake vilikataa kukunjuka asubuhi, akavifunga kwenye ngozi kwa kitambaa, akaendelea. Makame asema alikuwa akipita mbele ya kile chumba anaona wingu la angani likipita ndani ya jiwe. Na jambo la ajabu ni kwamba, jua lilipolipiga kwa upande, ndani ya weusi ule paliwaka chembe nyekundu. Pengine ni vumbi lililojificha katika vinyweleo vya jiwe. Mize alijua ni nini. Kila alipoliona jekundu lile alisikia sauti ndefu inavuka mto na kurudi.

Siku ya shoka, uwanja ulijaa. Mafundi wakapangwa, Sikitu katikati, maana ndipo alipowekwa aliye bora. Nguo ikaondolewa juu ya gogo.

Hakuna aliyetikisika. Nyuso zilikuwa kavu kama mto wakati wa kiangazi. Wasoma-Nyuso walipita mara ya kwanza, hakuna. Wakapita mara ya pili, na fundi mmoja kijana karibu apepese jicho, lakini alijiwahi. Mize alisimama kando na moyo ukimgonga kama jiwe la duara. Hapo ndipo alipouona ule ukavu kwa upande wa pili, akaelewa Sikitu alikuwa ametazama nini siku ile. Akaangalia koo la Sikitu. Moyoni alikuwa akiomba: kwik. Kwik moja tu, shoga yangu. Nionee wivu mara moja kabla sijafa.

Sikitu alikuwa akilitazama shoka. Aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesikiliza, jua likasogea, na chembe nyekundu zikawaka.

Pandu akaanza kuinua fimbo.

Ndipo Sikitu akapiga ukemi. Alianguka magoti, akajishika kichwa, akauma pindo la kanga, na machozi yakamtoka, machozi ya kweli, yakimchirizika mpaka kidevuni. "Amenishinda!" alilia. "Mize amenishinda! Jamani, roho yaniuma! Kwa nini yeye, kwa nini si mimi?"

Fimbo ya Pandu ikabaki hewani. Kisha uwanja ukalipuka. Wasoma-Nyuso walimkimbilia Sikitu wakamzunguka, wakipigana vikumbo ili wamsome. "Ngoa!" walipiga kelele. "Ngoa! Ngoa kamili!" Mzee mmoja kati yao alilia naye kwa furaha, kwa kuwa alikuwa amesoma habari za ngoa maisha yake yote na hakutumaini kuiona. Vigelegele vikapigwa. Mize akabebwa juujuu, akaketishwa kwenye Kiti cha Mwamba kilichofutwa ukungu kwa haraka, na shoka lake likawekwa mapajani mwake. Halitasagwa. Wajukuu wataonyeshwa.

Naye Mize alikuwa akisikiliza. Katika kelele zote zile alikuwa akisikiliza kitu kimoja, naye hakukisikia.

Desturi inamtaka aliyelia ngoa aje aliguse jiwe lililomliza. Sikitu akaletwa, wasomaji wakimfuata nyuma. Akapiga magoti mbele ya Kiti, akaweka kidole gumba juu ya shoka, akakipitisha mara moja, kama alivyofanya siku ile shingoni mwa kibuyu.

"Kumbe kipo," akanong'ona.

Mize akainama mpaka midomo yake ikafika sikioni mwa mwenzake. "Kwikwi yako iko wapi, Sikitu?"

"Nyamaza, shoga," akanong'ona Sikitu, machozi yakimtoka na macho yakicheka. "Wasije wakakisaga mara ya pili."

Akainuka, akageuka, akaanza tena kulia kwa sauti ili waheshimiwa waridhike, akarudi uwanjani nao wakamfuata kama kuku wamfuatavyo mwenye mtama.

Mize akabaki juu ya Kiti. Alikuwa amepata kila alichokitaka, na kila alichokipata kilikuwa cha Sikitu: mng'ao, machozi, hata Kiti. Angeweza kusimama akasema kweli. Lakini akisema, shoka lingesagwa, na ndani ya shoka kibuyu, na Sikitu angefukuzwa mtoni. Asiposema, angekaa hapo mpaka afe, akijua. Alimtazama yule mwanamke pale chini akijiliza kwa ajili ya jiwe lililovunjwa, bila kinyongo, bila hata gere ya kumtia kwikwi, na wivu ukamjia ambao hakuwa ameujua kabla. Mikono ya Sikitu alikuwa amekwisha kuionea wivu. Sasa aliuonea wivu moyo wake, nao huo hausagwi ukagawiwa watu kwa vifuu.

Akaufikiria uji. Utando haukuja. Uso wake ukapasuka mbele ya watu wote, mdomo ukapinda, machozi yakalimwagikia shoka, na kifuani kikapanda kitu kigeni kabisa kikamtikisa bega: kwik. Kisha tena: kwik.

Makame peke yake alimwona, na ushahidi wake haukuhesabiwa, kwani mgeni hana uso. Isitoshe, Mng'arani uso wa mshindi hausomwi. Kuna haja gani? Wasoma-Nyuso wote walikuwa wamempa Mize mgongo. Mheshimiwa Pandu, akiwa amemwelekezea Sikitu fimbo, alitangaza kwa sauti ya kutetemeka kwamba katika nchi ya Mng'arani, tangu mawe yalipoumbwa, haijapata kuonekana ngoa kubwa kama iliyopo uwanjani siku ile.

Nayo ilikuwa kweli tupu. Ila alikuwa ametazama upande mwingine.